Nguvu Inayofika Kwenye Tairi: Hotuba kwa Wapenzi wa Magari, Naivasha

Hotuba hii niliitoa Naivasha mbele ya mkusanyiko wa wenye magari, mafundi na vijana. Wengi waliokosa kufika wameniomba niiandike, nami nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani.

Waheshimiwa wageni, mafundi wetu, wazazi mliokuja na vijana wenu, na ninyi vijana ambao mlio wa magari yenu tuliusikia kabla hatujawaona: hamjambo nyote. Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba ruhusa yenu nianze kwa swali.

Mtu akikwambia kwamba amenunua gari la spoti, neno la kwanza unalomwuliza ni lipi? Najua jibu, kwa sababu nimelisikia mara nne tangu nishuke hapa uwanjani asubuhi. Unamwuliza: lina nguvu za farasi ngapi? Akisema mia mbili, unatikisa kichwa kwa heshima. Akisema mia tatu, unaomba kufunguliwa boneti.

Ndugu zangu, swali hilo nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimelinunulia magari, nimelitolea fedha ambazo zingejenga nyumba ya vyumba viwili, na limenifundisha kwa njia ngumu kwamba peke yake halitoshi. Namba inayoandikwa kwenye karatasi ya gari inahusu injini, tena kwa kipimo cha hewa ya usawa wa bahari. Tairi haiijui namba hiyo. Tairi inajua kile tu kilichoifikia baada ya hewa kuingia, petroli kuungua, giaboksi kuzungusha, na uzito wa gari kudai haki yake. Kwa hiyo mimi swali langu ni jingine, na nitalirudia leo mpaka mlichoke: nguvu inayofika kwenye tairi ni kiasi gani?

Nitaanza na uzito, kwa sababu ndio mzigo tunaoubeba bila kuuhesabu.

Wazee waliopo hapa wanamkumbuka Patrick Njiru, dereva wetu wa mashindano ya magari. Vijana, waulizeni wazazi wenu. Mwaka 1993, katika Safari Rally, Subaru walileta gari dogo linaloitwa Vivio. Injini yake ilikuwa ya cc 658, ndogo kuliko injini za pikipiki nyingi kubwa, na gari zima la namna hiyo lina uzito wa takribani kilo 700. Mwaka ule mbele yao walikuwapo Toyota na Celica zao za turbo, magari yaliyojaa nguvu na fedha, na Juha Kankkunen ndiye aliyeibuka mshindi. Lakini Njiru aliifikisha Vivio mwisho wa safari na kushinda daraja lake, wakati Colin McRae, ambaye naye alipewa Vivio na akaanza kwa kasi ya kutisha, gari lake halikumaliza. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na habari hizo nilizisikia redioni. Nakumbuka nilivyoshangaa, kwa sababu kwa akili yangu ya kitoto mashindano yalikuwa ya wenye injini kubwa.

Je, ilikuwaje gari la cc 658 likastahimili njia zilizovunja magari makubwa? Jibu lake si muujiza. Gari jepesi halihitaji nguvu nyingi ili liondoke, halihitaji breki kubwa ili lisimame, na linapotua baada ya kuruka tuta, shokapu na mikono yake hupokea kipigo kidogo. Joginder Singh, dereva mwingine wetu wa Safari, aliyajua haya kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alishinda Safari mwaka 1974 na tena mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya cc 1600, na mwaka huo wa 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza.

Sasa hebu tutazameni magari yetu wenyewe. Kijana ananunua gari zuri, jepesi kiasi, halafu jambo la kwanza analolifanya ni kulitia rimu za inchi 19, spika mbili butini na betri ya pili ya kuzilisha spika hizo. Kisha anakwenda gerejini kuomba aongezewe nguvu. Mwanangu, nguvu ulikuwa nayo, ukaitwisha mzigo! Na mzigo wa rimu ni mbaya kuliko mizigo yote, kwa sababu rimu haibebwi tu, inazungushwa pia, na kila unapokanyaga mafuta au breki, injini na breki zinapambana nayo mara mbili. Kabla ya kumpa fundi fedha ili akuongezee farasi kumi, mpe muda akuondolee kilo hamsini. Hizo utazihisi kwenye kila kona.

Naja kwenye hewa, na hapa naomba niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Gari langu, wengi mmeliona pale nje, ni Toyota Altezza RS200. Injini yake ni 3S-GE ya cc 1998, haina turbo, na kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kuipatia injini ya lita mbili farasi 210 bila turbo ni kazi ya mafundi waliokuwa na uchu wa kazi yao, na mpaka leo naiheshimu. Nilipolitoa gari hilo bandarini Mombasa niliondoka alfajiri kuja nalo Nairobi. Mariakani lilikuwa likivuta vizuri mno. Nilipolipita lori lilinirusha mbele kwa namna ambayo nilicheka peke yangu ndani ya gari. Lakini kadiri nilivyozidi kupanda bara, ndivyo kicheko kilivyopungua. Nilipopita Emali nikaanza kuhisi kana kwamba kuna abiria wawili wameingia nyuma bila kuniarifu. Nilipofika Nairobi nilikuwa na hakika kwamba nimetiliwa petroli mbovu njiani.

Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha filta ya hewa na ya petroli. Nilisafisha nozeli. Wiki ya pili nikampelekea mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kutoka Mombasa mpaka hapa umepanda mita ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ina uzito wa takribani asilimia 85 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupumua ilichopewa. Ukiipunguzia hewa kwa asilimia 15, na nguvu zake zitapungua karibu kwa kiasi hicho. Farasi wangu 210 wa Mombasa walikuwa wamebaki kama 178 Nairobi, na hapa Naivasha, ambapo tuko karibu mita 1,900, wamepungua tena. Gari halikuwa na ugonjwa. Nilikuwa nimeisoma namba ya baharini nikiwa mlimani.

Nauliza tena, ndugu zangu: nguvu inayofika kwenye tairi ni kiasi gani?

Hii ndiyo sababu nchi yetu ya juu imeipenda turbo, na mapenzi hayo yana msingi. Turbo haingoji kupewa hewa. Inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Ukiwa Limuru, ambako hewa ni nyepesi zaidi, feni ile inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu, na gari lako haliulizi kama limepanda au limeshuka. Ndiyo maana Impreza na Forester za turbo zimetawala barabara za Nairobi, Nakuru na Eldoret kwa namna ambayo mtu wa Mombasa anaweza asiielewe mara moja. Lakini feni inayozunguka kwa kasi zaidi inapata joto zaidi, na kazi hiyo ya ziada ina bei yake.

Bei hiyo mimi nimeilipa. Kabla ya Altezza nilikuwa na Impreza WRX, yenye ile injini ya EJ20 ambayo Subaru waliianzisha na Legacy mwaka 1989 na kuendelea nayo Japani mpaka gari lao la WRX STI lilipofika mwisho mwaka 2019. Ni miaka thelathini ya injini moja, pistoni zake zikilala ubavu kwa ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, uzito wake ukiwa chini karibu na lami. Injini hiyo ilikuwa nzuri kama ilivyotoka kiwandani. Mimi sikuridhika. Niliipeleka katika gereji moja mjini, ambayo sitaitaja jina, nikaomba waniongezee presha ya turbo. Waliongeza. Hawakupima mchanganyiko wa petroli na hewa, nami sikuwauliza. Injini hizi za Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100, oktani ikiwa kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia, na petroli ya vituo vyetu vingi haifiki hapo, kwa hiyo ukizidisha presha bila kupima, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Wiki ya nne, nikipanda kuelekea Limuru, nilisikia sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikaongeza sauti ya redio. Naam, niliongeza sauti ya redio, na hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko fedha nilizopoteza, kwa sababu injini ilikuwa ikiniambia na mimi nikaiziba mdomo. Kabla sijafika Limuru bomba la moshi lilitoa wingu la buluu na gari likapoteza silinda moja.

Injini ilipofunguliwa, yule mzee aliniwekea pistoni ya silinda ya nne kwenye kiganja changu. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Kwa juu ilikuwa nyeusi, nzima, kana kwamba haina tatizo lolote. Akanigeuzia ubavu wake. Ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, usiozidi unene wa ganda la korosho, ulikuwa umemeguka kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba. Kipande hicho kidogo ndicho kilichokuwa kizuizi baina ya farasi niliowaongeza na gharama ya injini nzima.

Na tukiwa kwenye Subaru, niseme neno kuhusu ule mngurumo. Najua unapendwa, nami naupenda. Lakini mnajua unatoka wapi? Unatoka kwenye mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, ambapo moshi wa silinda mbili unawahi na wa nyingine mbili unachelewa. Subaru waliposawazisha urefu wa mabomba hayo kwenye baadhi ya STI za Japani ili turbo ivutwe vizuri zaidi, injini ikafanya kazi vizuri zaidi na mngurumo ukatoweka. Sauti ile si kipimo cha nguvu. Ipendeni kama mnavyopenda ngoma, lakini msiitumie kama mizani.

Sasa nafika mahali ambapo moyo wangu uko, na mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda. Nafika kwenye giaboksi.

Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 504 ya zamani, ile yenye mkono wa gia kwenye usukani. Alinifundishia gari hilo kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta, wakati ambapo bado ilikuwa ya vumbi. Siku ya tatu ya mafunzo alichukua leso kuukuu, akaifunga juu ya dashibodi ikaziba saa zote za mbele, mwendo na kila kitu, akaniambia: "Haya, mpwa wangu, twende Taveta." Nikamwuliza, nitajuaje wakati wa kubadilisha gia? Akasema, "Injini itakwambia. Ikilalamika kwa chini umechelewa kushuka. Ikipiga kelele kwa juu umechelewa kupanda. Ikinyamaza, mwache aendelee." Mjomba alikuwa akiliita gari "yeye" siku zote. Tulipofika Taveta mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, lakini nilikuwa nimejua jambo ambalo mpaka leo hakuna kitabu kilichonieleza vizuri zaidi.

Giaboksi hufanya nini hasa? Chukua injini inayotoa Newton-mita 200 za torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Tia gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5, kisha difu, yaani gia ya mwisho kabla ya tairi, yenye uwiano wa 4. Ukiacha kinachopotea njiani kwa msuguano, tairi zimepokea Newton-mita 2,800. Injini hiyohiyo, petroli hiyohiyo, ukiitia gia ya nne yenye uwiano wa moja kwa moja, tairi zinapokea 800. Mnaiona tofauti? Hakuna fundi wa turbo duniani atakayekuzidishia nguvu mara tatu na nusu, lakini mkono wako wa kushoto unaweza, kwa tendo moja la nusu sekunde. Dereva anayejua gia anapita lori salama kwa injini ya cc 1500, na asiyejua anabaki nyuma ya lori hilo akiwa na cc 2500, akikanyaga mafuta kwenye gia ya tano na kulilaumu gari.

Na gia si ya kupanda tu. Wote mliotoka Nairobi kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu mmeuteremka ule mteremko wa Bonde la Ufa. Wangapi kati yenu mlinusa breki za gari lililowatangulia? Gari lenye uzito mkubwa likishuka pale kwa gia ya juu, kazi yote ya kulizuia inaangukia breki, na breki haina pa kuupeleka ule moto. Shusha gia, uiache injini ishike gari. Hata otomatiki zina nafasi ya kufanya hivyo. Tafadhali isomeni mkono wa gia kabla hamjarudi nyumbani jioni.

Najua kuna mtu anasubiri kuniuliza: je, gia za mkono si mambo ya zamani? Nitamjibu kwa haki, kwa sababu swali ni la haki. Kwa kasi tupu, mkono umeshindwa. Ferrari waliingia mashindano ya Formula One ya Brazil mwaka 1989 na gari lililobadilishwa gia kwa vibonyezo nyuma ya usukani, kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho, na dereva wao Nigel Mansell akashinda siku hiyohiyo ya kwanza. Mwaka 2003 Volkswagen wakaweka giaboksi ya klachi mbili kwenye Golf R32: klachi moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, na wakati gia ya pili inafanya kazi, ya tatu tayari imekaa ikingoja. Hakuna mguu wala mkono utakaoiwahi.

Lakini angalieni Porsche. Mwaka 2013 walitoa 911 GT3 mpya, gari lao la wapenda kuendesha, wakalitoa kwa giaboksi ya klachi mbili pekee, kwa hoja kwamba ndiyo ya kasi zaidi. Hoja ilikuwa kweli. Hata hivyo mwaka 2017 walirudisha gia za mkono kwenye GT3, kwa sababu wateja walizitaka. Watu wale walikuwa na fedha za kununua kasi yoyote, wakaomba warudishiwe kazi ya mkono wao.

Na hamhitaji kwenda Ujerumani kuliona hili. Magari ya daraja la juu ya Safari Rally yanayopita hapa Naivasha, yale yanayofukuza vumbi la Kedong na Sleeping Warrior, tangu mwaka 2022 kanuni ziliyaondolea vibonyezo vya usukani na kuyapa gia tano za kubadilishwa kwa mkono mrefu ulio kando ya dereva, avute kupanda, asukume kushuka. Sababu ilikuwa kupunguza gharama. Kalle Rovanperä alishinda hapa mwaka huohuo kwa mkono huo, na Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza. Mwaka huo nilisimama kwenye majani karibu na uzio, na kila gari lilipokaribia kona nilizihesabu gia kwa masikio: tano, nne, tatu, mbili, kisha kimya kifupi sana, halafu mafuta. Nilimkumbuka mjomba na leso yake.

Kuhusu CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabu bali hubadilisha uwiano polepole bila kukatika, nitasema kwa kifupi. Si giaboksi ya kijinga kama tunavyopenda kuisema vijiweni. Williams waliijaribu kwenye gari la Formula One mwaka 1993, na kanuni zikaipiga marufuku kabla haijashindana hata mara moja. Inaiweka injini kwenye mzunguko inaoupenda na inaokoa petroli. Ugomvi wangu nayo ni mmoja: inalitenganisha sikio na barabara. Injini inalia kwa sauti moja huku mwendo ukiongezeka, na dereva anakuwa abiria aliyeshika usukani. Kwa safari ya kazini ni sawa kabisa. Kwa gari la spoti, siikubali. Na kwa mtu anayekaa saa mbili kila siku kwenye msongamano wa Nairobi, otomatiki ya kawaida, inayopitisha nguvu ya injini kwa mafuta badala ya klachi, ingali chaguo langu kuliko klachi mbili, kwa sababu kusogeza gari hatua moja moja kunazifanya klachi ziteleze, na klachi inayoteleza inaungua. Nunueni giaboksi kwa kuangalia barabara mtakayoitumia, na badilisheni mafuta yake. Yule anayewaambia kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha, mwulizeni: maisha ya nani?

Nina jambo zito ambalo siwezi kuondoka bila kulisema. Nimewazika vijana wawili niliowafahamu, wote wawili kwa sababu ya mashindano ya usiku kwenye barabara za umma. Magari yao yalikuwa na nguvu nyingi kwenye karatasi. Mmoja alikuwa na tairi zilizochakaa mpaka nyuzi zikaonekana, kwa kuwa fedha zote zilikuwa zimeishia kwenye turbo. Sina maneno ya kulipamba hilo. Tairi ndiyo mahali pekee ambapo gari lako linaigusa dunia, pana kama kiganja, mara nne. Anayetaka kukimbia kuna mashindano yenye kofia ngumu, daktari na barabara iliyofungwa, na mafundi wako hapa watakaokusaidia kuingia.

Nimalizie kwa hesabu ndogo. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Altezza zilikoma kutengenezwa mwaka 2005. Hakuna nyingine itakayoshushwa Mombasa. STI za mwisho zenye EJ20 ni za mwaka 2019, hesabuni wenyewe. Magari ya aina hii ya gia za mkono yaliyoko nchini ndiyo karibu yote tutakayokuwa nayo, na kila wiki naona moja likikatwa vipande kwa sababu klachi iliisha na mwenyewe akaambiwa haifai kutengenezwa. Mafundi wangu, nawasihi: kabla ya kulikata, ulizeni. Mimi natafuta giaboksi ya gia sita ya Altezza, nzima au iliyovunjika, na wako wengine kumi humu wanaotafuta kama mimi. Walio na za kuuza waje mbele baada ya chakula, tuandikishane.

Gari langu liko pale chini ya mgunga, boneti imefunguliwa. Mtaona kwamba kwenye kirungu cha gia namba ya tatu imefutika kabisa, ya kwanza na ya sita bado zinasomeka. Kijana yeyote ambaye hajawahi kushika gia za mkono na aje. Injini itakuwa imezimwa, nitakaa kiti cha abiria, naye atakanyaga klachi na kuitafuta ya tatu kwa kiganja. Leso nimekuja nayo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.